Esther Rolle na Heshima ya Mtumishi

Kwa muda mrefu mno michezo ya kuchekesha, iwe ya jukwaani au ya televisheni, imekuwa na desturi moja ambayo ni nadra kuhojiwa. Mtumishi wa nyumbani akitokea na ufagio wake, watazamaji huanza kucheka kabla hajafumbua kinywa. Lafudhi yake huchekwa, mwendo wake huchekwa, na umasikini wake, ambao hakuuomba, hugeuzwa kichekesho. Leo katika safu hii tunataka kueleza maisha ya mwanamke aliyevaa aproni ya mtumishi mbele ya mamilioni ya watu, akawachekesha barabara, na juu ya hayo akakataa katakata kuchekwa kwa sababu ya aproni hiyo. Naye ni Esther Rolle, mchezaji wa Marekani mwenye asili ya visiwani, aliyefariki dunia mwaka 1998.

Wako watakaouliza mchekeshaji wa nchi ya mbali, tena aliyekwisha kufa, ana shughuli gani na ukurasa wa tahariri. Jibu letu ni kwamba ugomvi wa mama huyu na mabwana wa televisheni ulihusu nani mwenye haki ya kuamua familia masikini ionekane vipi mbele ya taifa zima. Hilo ni suala la utawala kama lilivyo suala la sanaa, na wale miongoni mwa wasomaji wetu wanaokalia viti vya kuamua kipi kipite na kipi kizuiliwe wanalijua vyema uzito wake.

Esther Rolle alizaliwa tarehe 8 Novemba, 1920, huko Pompano Beach katika jimbo la Florida, kusini kabisa mwa Marekani. Baba yake, Jonathan Rolle, alikuwa mkulima. Yeye na mkewe Elizabeth walikuwa wenyeji wa Nassau, mji mkuu wa visiwa vya Bahamas, wakavuka bahari kutafuta riziki kama walivyofanya maelfu ya watu wa visiwa vile zama hizo, kwani mashamba ya mboga ya Florida yalihitaji mikono na kwao kazi ilikuwa haba. Walijaaliwa watoto 18, na Esther alikuwa wa 10. Msomaji aliyelelewa katika nyumba zetu kubwa za zamani hahitaji kuelezwa maana ya kuwa mtoto wa 10: unajifunza kusema ukasikika, na unajifunza kungoja zamu yako. Dada zake wawili, Estelle Evans na Rosanna Carter, nao walikuja kuwa wachezaji. Estelle ndiye aliyecheza Calpurnia, mtumishi wa nyumba ya wakili, katika filamu ya To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962.

Jina la Rolle lenyewe lina historia ambayo watu wa visiwani wataielewa upesi. Lilikuwa jina la bwana mmoja wa Kiingereza, Denys Rolle, aliyekuwa na shamba na watumwa huko Florida katika karne ya 18. Uingereza ilipoirudisha Florida kwa Hispania mwaka 1783, bwana huyo aliwahamishia watumwa wake kisiwa cha Exuma katika Bahamas wakalime pamba. Udongo wa kule ulikuwa mwembamba, na pamba haikudumu. Mali ikarithiwa na mwanawe, Lord Rolle, aliyekuwa akikaa kwao Uingereza. Mwaka 1830 wasimamizi wa shamba walipotaka kuwahamishia baadhi ya watumwa Cat Island bila ya ridhaa yao, mmoja wao aliyeitwa Pompey aliwaongoza wenzake kukataa. Walijificha porini kwa wiki kadhaa, kisha watu 44 wakaikamata mashua ya bwana wao, wakatweka tanga kwenda Nassau kumpelekea Gavana malalamiko yao. Walitiwa mbaroni wakachapwa viboko, hata wanawake. Lakini Gavana alipopata habari kamili alikasirishwa na adhabu ile, na watu wale wakarejeshwa Exuma.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, watu wa mashamba yale walibaki na jina la bwana wao, na ardhi ile wameishika kwa shirika kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana jina la Rolle limeenea Bahamas nzima. Wenye jina hilo walitolewa Florida kwa nguvu, na zaidi ya karne moja baadaye baadhi yao wakarudi Florida kwa hiari yao, kama njaa inaweza kuitwa hiari.

Esther alisoma Pompano Beach na Miami, katika skuli zilizotengwa kwa watoto weusi peke yao, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Florida wakati huo. Alikaa muda mfupi katika Chuo cha Spelman huko Atlanta, kisha akaelekea New York. Huko hakupokewa na taa za majumba ya michezo. Kwa miaka mingi aliutafuta mkate wake katika mtaa wa viwanda vya nguo, na saa zilizosalia akazitumia kusoma na kujifunza kuigiza. Vijana wa siku hizi wanaodhani kwamba umaarufu ni jambo la msimu mmoja yafaa wauzingatie muda huo. Mama huyu alikuwa amekwisha kutimiza miaka 41 alipopata nafasi yake ya kwanza ya maana jukwaani, na miaka 51 alipoonekana katika televisheni kila wiki.

Kabla ya mchezo wa maneno alianza na ngoma. Aliingia katika kundi la Shogolo Oloba la Asadata Dafora, mzaliwa wa Freetown, Sierra Leone, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akizipandisha ngoma za Afrika ya Magharibi katika majukwaa ya New York, zikiwa na hadithi zake, ala zake na adabu zake. Tukumbuke kwamba katika filamu za Marekani za wakati huo ngoma ya Mwafrika haikuwa kitu isipokuwa makelele ya watu wa porini. Dafora aliwafundisha wachezaji wake, wengi wao wajukuu wa watumwa waliokatwa na asili yao, kwamba hatua ya mguu ina maana na kwamba mchezaji akikosea hatua amekosea neno. Dafora aliporejea Sierra Leone mwaka 1960, uongozi wa kundi alikabidhiwa Esther Rolle. Sisi tunaona kwamba skuli yake ya kweli ilikuwa hapa. Katika michezo yake yote ya baadaye hata kusimama kwake jikoni, mkono kiunoni, kulikuwa na kipimo cha mcheza ngoma.

Mwaka 1962 aliingia katika The Blacks, mchezo wa Mfaransa Jean Genet uliokuwa ukichezwa katika ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse, New York. Katika mchezo huo wachezaji weusi huvaa vinyago vya watu weupe wa mahakama ya kifalme, na humwonyesha mtazamaji mweupe jinsi anavyowawazia watu weusi. Ulichezwa zaidi ya mara 1,400, na karibu kizazi kizima cha wachezaji weusi wa Marekani kilipita humo, akiwemo Maya Angelou, ambaye bado hatujamalizana naye. Baadaye Esther alishiriki katika michezo miwili ya James Baldwin huko Broadway, mwaka 1964 na 1965.

Mwaka 1967 kukaundwa Negro Ensemble Company, kundi la wachezaji weusi lililokusudia kuendesha jukwaa lao wenyewe, pale pale St. Mark's Playhouse, na Esther Rolle akawa miongoni mwa wachezaji wake wa mwanzo. Mchezo wa kwanza wa kundi hilo, ulioonyeshwa mwaka 1968, ulikuwa wa Peter Weiss kuhusu utawala wa Wareno katika Angola na Msumbiji, wakati ambapo vita vya ukombozi katika nchi hizo vilikuwa vikiendelea. Katika msimu huo huo kundi likacheza Kongi's Harvest wa Wole Soyinka. Tunayataja haya ili msomaji asidhani kwamba yule mama wa televisheni aliyefuata alikuwa mtumishi aliyeokotwa njiani akaambiwa achekeshe. Alikuwa msanii aliyekwisha kukomaa, aliyezoea kundi ambalo weusi wenyewe waliamua nini kichezwe na kwa namna gani. Aliingia katika nyumba ya watu wengine akiwa anajua nyumba yake inafananaje.

Nyumba hiyo ya watu wengine ilikuwa ya Norman Lear, mtayarishaji aliyeibadilisha televisheni ya Marekani kuanzia mwaka 1971 kwa michezo ya kuchekesha iliyogusa siasa, ubaguzi wa rangi na vita. Mwaka 1972 Esther alikuwa Broadway katika Don't Play Us Cheap, mchezo wa nyimbo wa Melvin Van Peebles, na hapo ndipo alipoonekana. Alitakiwa acheze Florida, mtumishi katika mchezo mpya wa Maude. Kwanza hakutaka. Alikwisha kuona vya kutosha watumishi weusi wa filamu, wanene, wenye kucheka ovyo, wanaompenda mtoto wa tajiri kuliko wao wenyewe, wasio na mume wala shida yoyote ya kwao. Alikubali kwa sharti kwamba Florida awe na akili yake na ulimi wake.

Tuseme kwa haki kwamba sharti hilo lilitimizwa, na likazaa vichekesho bora kuliko vile vya zamani. Maude, aliyechezwa na Bea Arthur, alikuwa bibi mweupe mwenye mawazo ya kimaendeleo, aliyeona haya kuwa na mtumishi mweusi. Kwa hiyo alimhemea kwa ukarimu: akamshurutisha apite mlango wa mbele, akae, wanywe pamoja. Florida alitaka kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, alipwe, aende kwake. Watazamaji walicheka sana, lakini aliyechekwa alikuwa bibi na dhamiri yake iliyomwasha. Mtu akitazama mchezo ule kwa makini ataona kwamba mtumishi ndiye pekee mle ndani aliyekuwa ametulia.

Florida alipendwa hata ikaamuliwa apewe mchezo wake mwenyewe. Ukaitwa Good Times, na ulianza kuonyeshwa na shirika la CBS tarehe 8 Februari, 1974. Waliouasisi ni Eric Monte na Mike Evans, wote wawili weusi, na Monte alikuwa amekulia katika majumba ya ghorofa ya serikali yaliyoitwa Cabrini-Green, mjini Chicago. Mchezo wenyewe ulihusu familia inayoishi katika majumba ya namna hiyo: lifti mbovu, joto lisilotosha wakati wa baridi, kodi inayongojwa na mshahara usiofika.

Hapo ndipo ulipotokea ugomvi wa kwanza, na ndio tunaouona kuwa tendo kubwa la maisha yake. Mpango wa mwanzo ulikuwa kwamba Florida awe mama peke yake na watoto watatu. Baba hakuwemo. Esther Rolle alikataa. Alisema hachezi ila familia hiyo iwe na baba, mume wa ndoa, anayekaa nyumbani na watoto wake. Kumbuka kwamba huyu hakuwa nyota wa filamu mwenye wakili kila mkono. Alikuwa mwanamke wa miaka 53 aliyengojea miaka yote hiyo kupata mchezo wake, na kukataa kwake kungeweza kumrudisha alikotoka. Watayarishaji wakakubali. Akatafutwa John Amos, aliyekwisha kumcheza mume wa Florida katika Maude, akawa James Evans, baba mkali, mwenye hasira za haraka, anayefanya kazi yoyote inayopatikana na kufukuzwa bila kosa. Amos alikuwa mdogo kwa Esther kwa miaka 19, na walipokaa pamoja hakuna aliyetia shaka kwamba ni mtu na mkewe.

Kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa hivyo? Hapa tunawaomba wasomaji wetu walioko maofisini watusikilize kidogo. Mwaka 1965 kulitoka ripoti ya serikali ya Marekani, iliyoandikwa na Daniel Patrick Moynihan, iliyotia mkazo kwamba kuvunjika kwa familia ya Wamarekani weusi ni kiini cha matatizo yao. Ilhali katika majimbo kadhaa kanuni za msaada wa serikali kwa watoto masikini zilikuwa zikimnyima mama msaada huo endapo ataonekana mwanamume nyumbani. Maofisa walifika kwa ghafla, hata usiku, kutafuta viatu vya kiume chini ya kitanda. Kanuni ya namna hiyo ya jimbo la Alabama ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1968. Basi mkono mmoja wa dola ulikuwa ukimtoa baba mlangoni, na mkono wa pili ukiandika ripoti ya kusikitika kwamba baba hayupo. Kuitengeneza picha hiyo hiyo katika televisheni, kila wiki, kwa mamilioni ya watu, na kuifanya ichekeshe, kungekuwa kuigonga muhuri. Esther Rolle, bila ya cheo chochote, alikataa kuutia mkono wake katika muhuri huo.

Katika misimu ya mwanzo mchezo ulikuwa mzuri kweli kweli. Uliweza kuzungumzia maradhi ya shinikizo la damu, ambayo yamewaua weusi wengi wa Marekani, ukachekesha na papo hapo ukawafanya watu waende kupimwa. Mtoto mdogo, Michael, alisoma historia ya watu wake na kuwakosoa walimu. Binti, Thelma, alikuwa na adabu na makusudio. Hata hivyo Norman Lear alisimulia baadaye kwamba walimjia vijana wa chama cha Black Panther wakilalamika kwamba baba katika mchezo wake anafanya kazi tatu na bado ni fukara. Kila mtu alitaka kujiona katika kioo kile, na kioo kilikuwa kimoja.

Lakini kulikuwa na mtoto wa kwanza, James mdogo, aliyeitwa J.J., akichezwa na Jimmie Walker, kijana mwembamba aliyetoka katika kazi ya kuchekesha watu vilabuni. Alikuwa na neno lake moja la kushangaa alilolitamka kwa kuvuta, na studio nzima ikivunjika mbavu. Michezo hii ilirekodiwa mbele ya watazamaji, na kicheko chao kilikuwa ndiyo mizani. Waandishi wakaona kwamba neno lile halikosi, wakaliandika kila wiki. Kisha wakaongeza macho ya kutumbua, kofia ya ajabu, uwongo mdogo mdogo na uvivu. Nafasi ya mama na baba ikapungua kwa kadiri ile ile. Watoto wa Marekani nzima wakawa wanaliiga neno la J.J. viwanjani, na picha yake ikauzwa juu ya fulana.

Esther Rolle hakunyamaza. Mwaka 1975 alilieleza jambo hilo waziwazi katika gazeti la Ebony, linalosomwa na weusi wa nchi nzima: kwamba kijana yule, ambaye umri wake ni wa kufanya kazi, anazidi kufanywa mjinga, na kwamba watoto weusi wanaomtazama wanapewa mfano mbaya wa kufuata. Si jambo dogo mwajiriwa kuusema mchezo unaomlisha wakati bado anaucheza. Kwa upande wetu hatumlaumu Jimmie Walker. Aliitwa kuchekesha, naye alichekesha. Hakuandika yeye maneno yale. Wala hatusemi Norman Lear alikuwa adui, kwa sababu bila ya yeye familia ile isingalionekana kabisa. Lawama kubwa tunaipeleka kwenye mizani yenyewe, ile ya kupima ubora wa mchezo kwa ukubwa wa kicheko, na kwa sisi watazamaji ambao ndio tunaocheka.

Mwaka 1976 John Amos, aliyegombana na waandishi kwa sababu hizo hizo na kwa ukali zaidi, aliachishwa. James Evans akauawa katika ajali ya gari huko Mississippi, alikokwenda kutafuta maisha bora kwa familia yake. Yule baba ambaye Esther alimpigania akaondolewa kwa karatasi moja ya telegramu. Sehemu iliyoonyesha msiba huo ndiyo inayokumbukwa kuliko zote alizopata kuzicheza. Muda wote wa maziko Florida anajikaza, anapokea wageni, anapanga sahani, hata watoto wake wanaanza kumshangaa kwamba hana huzuni. Wageni wakiisha kuondoka, anabaki na bakuli la kioo mkononi. Analitupa sakafuni, likapasuka, na kilio kinamtoka. Hakuna aliyecheka studioni. Tumeiona sehemu hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara tunajiuliza ni msiba gani aliokuwa akiulilia, wa James au wa mchezo wenyewe.

Alivumilia msimu mmoja zaidi, na mwaka 1977 akaondoka. Waandishi walimwoza Florida kwa mume mpya, Carl, aliyechezwa na Moses Gunn, mwenzake wa zamani wa Negro Ensemble Company, wakawapeleka wote wawili Arizona. Watoto wakabaki Chicago bila baba wala mama, wakilelewa na jirani yao Willona. Lililokataliwa mwaka 1974 likawa limepatikana na zaidi. Ni kweli kwamba hata katika msimu huo mchezo ulifanya jambo la maana, ulipomleta mtoto Janet Jackson, ambaye siku hizo hakuwa mwimbaji maarufu, acheze msichana anayeteswa na mama yake. Lakini idadi ya watazamaji ilishuka. Mwaka 1978 watayarishaji wakamwendea Esther Rolle wamwombe arudi. Alirudi kwa masharti: ujira ulio bora, na J.J. afanywe kijana mwenye kazi na heshima. J.J. akapewa kazi, na Carl, ambaye Esther hakuafiki ndoa yake na Florida, hakuonekana tena. Mchezo ulikwisha tarehe 1 Agosti, 1979, baada ya sehemu 133.

Je, alishinda? Sisi hatusemi hivyo. Alipata baba kwa misimu mitatu, akampoteza. Alipata mwana mwenye heshima wakati watazamaji walikwisha kuhama. Alilipa kwa mwaka mzima nje ya mchezo uliojengwa juu ya jina lake. Hata hivyo tunaona ni kosa kuyahesabu mambo haya kama hesabu ya duka. Mamilioni ya watoto weusi wa Marekani walimwona, katika ile misimu mitatu, baba mweusi anayerudi nyumbani jioni, akachoka, akafoka, akacheka na mkewe. Picha hiyo haikufutika kwa ajali ya Mississippi, na baadhi ya watoto hao ndio waliokuja kuandika michezo ya miaka iliyofuata.

Mwaka ule aliokuwa nje haukupotea. Alicheza katika filamu ya televisheni ya Summer of My German Soldier, iliyoonyeshwa mwaka 1978, kuhusu msichana wa Kiyahudi wa kusini mwa Marekani anayemficha mfungwa wa kivita wa Kijerumani. Esther alikuwa Ruth, mtumishi wa nyumba ile, mtu mzima pekee anayempenda mtoto yule na kumwambia ukweli. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Emmy mwaka 1979. Mwaka huo huo akacheza bibi yake Maya Angelou katika filamu iliyotokana na kitabu cha maisha ya mwandishi huyo, yule yule aliyepita katika The Blacks kabla yake: bibi mwenye duka katika mji mdogo wa Arkansas, asiyeinamisha kichwa kwa mtu.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1989, alifanya kazi mbili ambazo zatosha kumpa mtu jina hata kama hakufanya nyingine. Katika A Raisin in the Sun, mchezo wa Lorraine Hansberry uliotengenezwa upya kwa televisheni, alicheza Lena Younger, mama wa Chicago anayetaka kuwanunulia watoto wake nyumba, na Danny Glover akawa mwanawe. Na katika Driving Miss Daisy, filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora, alikuwa Idella, mpishi wa bibi tajiri wa Atlanta. Maneno ya Idella ni machache. Anakufa jikoni, akimenya kunde mbele ya televisheni, na ni baada ya kufa kwake tu ndipo nyumba inapogundua nani aliyekuwa akiishikilia.

Florida, Ruth, Idella: wote watumishi. Wako waliomsuta kwa hilo. Wakasema kwamba mtu aliyelalamika sana juu ya picha za watu weusi hakupaswa kukubali aproni mara tatu. Sisi hatukubaliani nao. Wanawake weusi wa Marekani kwa maelfu wameosha sahani za watu na kusomesha watoto kwa ujira huo, na kuona aibu juu ya aproni ni kuwaonea aibu wao. Alichokikataa Esther Rolle kilikuwa ni mtumishi asiye na nyumba yake, asiye na mume, asiye na fikra. Mtumishi mwenye vyote hivyo alimcheza kwa fahari, na kila alipomcheza bibi wa nyumba ndiye aliyelazimika kujipima upya.

Mwaka 1990 jumuiya ya NAACP, iliyopigania haki za watu weusi wa Marekani tangu mwaka 1909, ilimpa nishani yake ya uongozi katika haki za raia, na alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Aliendelea kucheza hata alipokuwa anasumbuliwa na kisukari. Mwaka 1997 alionekana katika Rosewood, filamu ya kijiji cha weusi kilichochomwa moto na wabaguzi mwaka 1923, huko huko Florida alikozaliwa, yeye akiwa na umri wa miaka miwili wakati jambo lile lilipotokea.

Alifariki tarehe 17 Novemba, 1998, huko Culver City, California, siku tisa baada ya kutimiza miaka 78. Maiti yake ilirejeshwa Pompano Beach, ikasaliwa tarehe 23 Novemba katika kanisa la Bethel A.M.E., akazikwa katika mji ule ule. Aliacha maagizo kwamba wenye kutaka kutoa sadaka kwa ajili yake wavipe vyuo vya watu weusi, kanisa lake, skuli ya msingi ya Marcus Garvey ya Los Angeles, na Jenesse Center, nyumba ya mjini humo inayowahifadhi wanawake waliopigwa majumbani mwao.